Korosho si dawa ya presha. Uza ukweli, mteja atarudi

Mfanyabiashara mwenzangu, kabla hujaposti leo, soma hii kwanza.

Juzi mteja kaniandikia inbox: "Dada, nikianza kula korosho zako, naweza kuacha vidonge vya presha?" Nikashtuka. Nikarudi kwenye posti yangu nikakuta nimeandika mwenyewe: "Korosho, kiboko ya presha na kisukari!" Nilikopi mahali, maana wote tunaandika hivyo. Nikaifuta palepale, nikamjibu: "Hapana mama, dawa usiache bila daktari wako kukwambia."

Maoni yangu: tuache kuuza korosho na karanga kama dawa. Ukweli wake peke yake unauza.

Ukweli ni upi? Hispania walifuatilia watu zaidi ya 7,000 waliokuwa kwenye hatari ya magonjwa ya moyo, kwa karibu miaka 5. Kundi moja lilikula gramu 30 kwa siku za lozi na njugu nyingine, pamoja na mboga, matunda na samaki kwa wingi. Mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya magonjwa hayo vikawa pungufu kwa takriban asilimia 30, ukilinganisha na kundi lililoshauriwa tu kupunguza mafuta.

Ila angalia vizuri. Ule ulikuwa mlo mzima, si kiganja cha njugu peke yake. Na korosho haikuwemo! Hata Marekani, mwaka 2003 waliporuhusu pakiti za karanga na lozi ziandikwe kwamba HUENDA zikapunguza hatari ya ugonjwa wa moyo, korosho iliachwa nje kwa sababu ya kiwango cha mafuta yake yanayoganda. Haimaanishi korosho ni mbaya. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni yale yasiyoganda. Inamaanisha tusiibebeshe sifa za wenzake.

Kwa hiyo fanya hivi:

✅ Andika: "Kitafunwa kizuri badala ya biskuti na chipsi. Kina mafuta mazuri, protini na nyuzinyuzi, kinashibisha."

✅ Funga pakiti za gramu 30, kiganja kimoja cha siku. Kalori zake ni nyingi, mteja akila kilo kwa wiki atanenepa na atakulaumu wewe.

✅ Weka na zisizo na chumvi. Mwenye presha ndiye atakayeziulizia.

✅ Taja mzio. Kuna watu karanga kidogo tu inawapeleka hospitali.

✅ Chambua karanga zilizovunda au kusinyaa, utupe. Sumukuvu inaharibu ini, na kukaanga hakuiondoi yote.

Utasema, "Nikiandika hivyo sitauza kama wanaoahidi tiba." Labda wiki ya kwanza. Lakini mteja aliyeacha dawa kwa ajili ya posti yako, akaanguka, harudi kuweka oda. Na ndugu zake hawatakusahau.

Wewe kapsheni yako inasemaje? Kaifungue sasa hivi uisome tena.