Fundi Apimaye na Fundi Abahatishaye

Makambako ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita papo hapo. Kwa hiyo gereji za mji huo hazikosi kazi. Siku hizi baadhi ya magari hayabebwi na springi za chuma peke yake, bali na mifuko ya hewa: dereva hubonyeza swichi, pampu ya umeme hujaza hewa, na gari huinuka. Hapo ndipo somo la fizikia litokapo darasani na kuingia barabarani.

Tuchukue mfano. Gari hulala Njombe katika baridi ya Julai. Mvuke ulio hewani hugeuka matone juu ya vyuma vilivyopoa, na mahali ambapo waya wa pampu umefungwa kwenye bodi ya gari ni pamojawapo. Msimu baada ya msimu, kutu hujijenga pale. Asubuhi moja dereva anabonyeza swichi. Taa yake inawaka, lakini gari linainuka kwa shida. Afikapo Makambako anaambiwa, "Swichi imekufa." Ananunua nyingine, hali ni ile ile. Kisha anauziwa pampu. Fedha zimekwisha, ugonjwa umebaki.

Sasa tuhesabu, ndugu mwanafunzi. Betri ni ya volti 12. Kwa kurahisisha, tuichukulie pampu kuwa ni ukinzani wa omu 0.6, mkondo wake utakuwa ampea 20. Kutu ikiongeza omu 0.2 tu, ukinzani wote unakuwa omu 0.8, na mkondo unashuka hadi ampea 15. Kutu inajitwalia volti 3, pampu inabakiwa na volti 9, na pale penye kutu panatoka joto la wati 45. Swichi haina hatia: yenyewe hupeleka mkondo mdogo tu kwenye relei, nayo relei ndiyo iunganishayo saketi kubwa ya pampu.

Tena upo mtego. Fundi akichomoa waya za pampu na kuzigusisha kipimo cha volti, atasoma volti 12 kamili, naye ataapa kwamba waya ni nzima. Kipimo hicho hupitisha mkondo mdogo mno, na pasipo mkondo, kutu haipotezi volti yoyote. Ndiyo sababu yapasa kupima saketi ikiwa inafanya kazi, sehemu moja baada ya nyingine. Swichi nzima iliyowashwa huonyesha karibu volti 0 kati ya ncha zake. Ikizimwa, huonyesha karibu volti zote za betri. Unganisho zima nalo huonyesha karibu 0. Likionyesha 3, mwizi amekamatwa. Na kama alivyoeleza Gustav Kirchhoff mwaka 1845, jumla ya volti katika mzunguko lazima ilingane na zile za betri: 3 na 9 ni 12. Ila mtu asiingie kamwe chini ya gari la namna hii kabla ya kuliegemeza juu ya vigingi imara, kwa maana hewa ikitoka gari hushuka ghafla.

Maoni yangu ni haya: shule zetu za sekondari hufundisha saketi nzima tu. Mwanafunzi hupewa waya safi na balbu mpya, akachora mstari mnyoofu, akapata alama. Lakini maishani hakuna amwitaye mtu kutazama saketi isiyo na kasoro. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya vyuo vya ufundi. Sikubaliani nao. Kutafuta hitilafu ni kuwaza kisayansi: kuweka dhana, kuipima, kuikataa au kuikubali. Anayejifunza hivyo hatadanganywa kwa urahisi gereji, wala zahanati, wala shambani.

Wengine watalalamika kwamba vifaa havipo. Betri kuukuu, balbu moja, msumari wenye kutu na kipimo cha bei nafuu vyatosha. Mwalimu na aifiche kasoro ndani ya saketi, kisha awaambie wanafunzi waitafute, na kila mmoja aandike sababu ya kila hatua kabla ya kugusa waya. Alama zitolewe kwa sababu hizo, si kwa jibu peke yake.

Georg Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827, alikuwa mwalimu wa shule huko Cologne. Kanuni iliyotoka mikononi mwa mwalimu haifai kufia ubaoni. Dereva aliyekwama Makambako anaingojea, naye hana fedha za kununua swichi ya tatu.