Kuingia Chuoni si Kukaa Salama

Wako wanaonung'unika kwamba binti hupendelewa Makerere, kwa kuwa mwaka 1990 chuo kikuu hicho cha Uganda kiliamua kuwaongezea alama 1.5 waombapo nafasi. Twawajibu: kilianza mwaka 1922 na wanaume watupu, wanawake kikawapokea mwaka 1945. Kurudisha haki iliyozuiliwa miaka 23 si upendeleo.

Lakini kuingia si kukaa salama. Mwaka 2006 chuo kiliandika kanuni za kukataza kuwasumbua watu kwa tamaa ya mwili. Ni njema, walakini mwanafunzi atamshitakije mwalimu ashikaye alama zake? Kesi ya nyani isipelekwe kwa ngedere. Mshitakiwa asisahihishe mtihani wa mshitaki wake, na waamuzi watoke nje ya idara yao. Pasipo hayo, kanuni ni karatasi tu.