Wageni wa Ng'ambo Wafika Sigowet, Sisi Je?

Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha St. Lawrence cha Marekani, kilichoko katika jimbo la New York, kilianzisha utaratibu wa kuwaleta wanafunzi wake Kenya kusoma kwa muhula mmoja. Makao yao yako Karen, Nairobi. Hufunzwa Kiswahili, kisha hugawanywa katika nyumba za watu, mjini na mashambani, wakae humo kama watoto wa nyumba. Vyuo vingine vya ng'ambo vimefanya mfano wa hayo. Kijana ambaye alipotoka kwao hakujua Mombasa iko upande gani wa Afrika, miezi minne ikipita amekwisha kula ugali wa bara na wali wa nazi wa pwani, na anaweza kukueleza tofauti ya watu wa huku na wa kule kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika.

Wako miongoni mwetu wanaowacheka wageni hawa kwa mikoba yao ya mgongoni na maswali yao yasiyokwisha. Mimi siwacheki. Ninalo neno juu yao, nitalisema mbele kidogo, lakini kwanza nina neno juu yetu sisi watu wa mwambao.

Jirani yangu mmoja hapa Mji wa Kale, mtu mwema, mwenye kuchunga sala zake, alipata habari kuwa binti yake amepangiwa na serikali nafasi katika Chuo Kikuu cha Kabianga. Swali lake la kwanza lilikuwa: hiyo Kabianga iko nchi gani? Nilipomwambia iko Kericho, kwenye chai, alinyamaza kama aliyepewa tanzia. Mtu huyu huyu ana mtoto wa kiume aliyempeleka kusoma Uarabuni, na siku ya kumsindikiza alifanya maulidi na pilau ya mbuzi wawili. Bahari aliiona nyembamba, Bonde la Ufa akaliona pana.

Kwa ajili ya baba huyo nilifunga safari nikaenda kukaa siku chache Sigowet, katika kaunti hiyo ya Kericho, kwa rafiki wa rafiki. Wazee wetu wa misafara walizijua nchi hizo kwa jina la Lumbwa, na reli iliyoanzwa kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipofika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa na stesheni iliyoitwa hivyo, ambayo leo ni Kipkelion. Wenyewe ni Wakipsigis. Ukisimama juu ya kilima Sigowet, upande mmoja ni chai, kijani kitupu kama mkeka uliotandikwa ukafuata migongo ya vilima. Upande mwingine nchi inateremka kuelekea Soin kwenye joto. Asubuhi baridi yake si ya mchezo. Mimi nilivaa kanzu juu ya suruali juu ya suruali nyingine, na sikuona haya.

Mama mwenye nyumba huamka kabla ya jua. Huchuma majani mawili na chipukizi lake, akitupa nyuma ya bega ndani ya kikapu, mikono inakwenda kwa kasi ambayo jicho halifuati. Majani hayo hayangoji kesho. Hupelekwa siku hiyo hiyo kwenye kituo cha kupimia, yakatazamwa, yakapimwa, yakaandikwa, kisha lori huyapeleka kiwandani yakanyaushwe, yakatwekatwe na kukaushwa. Mkulima mdogo kama yeye, anayeuzia kiwanda cha KTDA, hulipwa kidogo kidogo kila mwezi, halafu hungoja bonasi ya mwaka. Na mwaka ambao bonasi ni ndogo, karo ya watoto ndiyo ya kwanza kutikisika.

Na hiyo chai huenda wapi? Huja kwetu! Mnada wa chai wa Afrika Mashariki ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na mpaka leo chai ya Sigowet hushushwa katika magodauni yetu, ikauzwa, ikapakiwa melini kwenda Pakistan, Misri na kwingineko. Vijana wetu huibeba mabegani. Sisi wenyewe tunaitia tangawizi na iliki tukainywa kwa mahamri na mbaazi. Mama yule aliponiuliza Mombasa wanafanya nini na chai yake, nilimweleza hayo yote, akashangaa. Miaka yote hiyo anauza, hajapata kumwona mtu wa mji inakokwenda chai yake. Lakini msichana wa Kimarekani alimwona. Alikaa kwake juma zima, akalala chumba kimoja na mabinti zake, akajifunza kusema *chamgei* na *kongoi*, akachuma chai mpaka vidole vikageuka rangi. Kiswahili alichofunzwa Nairobi hakikumfaa kwa bibi wa nyumba hiyo, ambaye hasemi ila Kikipsigis, basi wawili hao wakawa wanacheka tu jikoni.

Sasa lile neno langu juu ya wageni. Juma moja ni kidogo, na mwenye kukaa juma moja huandika kama aliyekaa mwaka. Sisi Mombasa tunalijua jambo hili tangu mwaka 1331, alipotushukia Ibn Battuta akalala usiku mmoja. Kwa usiku huo mmoja alitaja ndizi zetu na ndimu zetu, misikiti yetu ya mbao, na namna watu walivyoosha miguu kabla ya kuingia ndani. Tunamshukuru, maana alitusifu. Lakini hakuna mtu wa Mombasa tunayemjua aliyeandika jinsi yeye alivyoonekana kwetu. Mama wa Sigowet naye hajui yule msichana aliandika nini juu ya jiko lake. Karatasi ilivuka bahari ikaenda kusahihishwa huko.

Hata hivyo yule alifika, nasi hatukufika. Na kusafiri kwa ajili ya elimu si jambo ambalo sisi tungefunzwa na Wamarekani. Sheikh Abdallah Bakathir alizaliwa Lamu, akaifuata elimu mpaka Makka na Hadhramaut, kisha akasomesha Unguja. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoka Mombasa akaenda kusoma Unguja, kisha akarudi kutusomesha hapa. Habib Saleh alikuja Lamu kutoka Ngazija, na Riyadha yake ikawavuta wanafunzi wa mwambao mzima na wa bara. Ile kauli inayoitaja Uchina tunaipenda sana mimbarini, ingawa wanazuoni wengi wameitia ila isnadi yake. Na ile aya ya Suratul Hujurat juu ya mataifa na makabila, mtoto wa chuoni anaihifadhi kabla hajabaleghe. Tumeihifadhi; Kericho hatwendi.

Sitaki kumdhulumu jirani yangu. Khofu ya baba juu ya binti si upuuzi. Sigowet wengi ni Wakristo, na adhana hukuisikia. Nilipouliza kibla nilionyeshwa kaskazini na mtoto wa darasa la sita, aliyejua kwa sababu alisoma jiografia. Nilipikiwa mayai na mboga bila ya mimi kusema neno, na mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa ndani ya kibuyu kilichopakwa masizi ya mti, niliyaonja baada ya kuuliza. Ni maziwa, hayana kilevi, na yana ladha ya moshi ambayo ulimi wangu bado unaifikiri. Kericho mjini msikiti upo. Binti mwenye buibui ataulizwa maswali, atatazamwa, na Ramadhani ya kwanza atalia kwa kuwakumbuka wa kwao. Mwanawe wa kiume Uarabuni pia alilia. Barua zake nilisomewa mimi.

Lililobaki ni letu. Kabianga ilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Mwaka huo huo ilipewa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Basi kama wetu wanapangiwa kwenda kwenye chai, wao wanapangiwa kuja kwenye minazi, na si kwa muhula mmoja bali kwa miaka minne. Wapo hivi sasa, wamepanga vyumba mitaani mwetu, wananunua maandazi kwa mama zetu. Mwezi wa Ramadhani tunawatumia sahani majirani tuliowazoea, sahani zinapita mbele ya milango yao.

Mwana wa kwanza wa mama yule wa Sigowet yuko Kilifi, mwaka wa tatu. Nilimpigia simu niliporudi. Kiswahili chake kimekuwa kizuri, anasema "ahsanta" kama sisi. Nikamwuliza ameingia nyumba ngapi za watu wa pwani tangu aje. Akafikiri, akaniambia moja: ya mwenye nyumba wake, mpaka barazani, kila tarehe tano, kulipa kodi.