Sare ya Picha ya Idi

Siku hizi picha ya Idi haipigwi bila sare. Mwaka jana nyumbani kwetu, hapa Mombasa, ilipitishwa: wanaume kanzu za samawati, wanawake madera ya kijani. Picha ilitoka nzuri, ila ndugu yangu mkubwa na wanawe watano hawamo. Pesa za vitambaa na fundi hakuwa nazo, na kusema aliona haya.

Sare si jambo geni kwetu. Leso za namna moja tumezivaa harusini tangu zamani. Lakini mimi naona ichaguliwe sandukuni, si dukani. Kanzu nyeupe kila mwanamume anayo. Mama ajitande kisutu chake, na wajukuu wafuate wekundu wake kwa mitandio tu.

Idi ijayo mpiga picha atangoja mpaka ndugu yangu afike.