Injini Ina Jina, Dereva Hana

Nenda Makumbusho ya Reli pale Nairobi, usimame mbele ya kichwa cha treni namba 5918. Kinaitwa Mount Gelai, jina la mlima ulioko kaskazini mwa Tanzania. Vya aina yake vilikuwa 34, vilitengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester miaka ya 1950, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Wapenzi wa treni wanavijua kwa namba, kwa jina, hata kwa uzito. Sasa waulize: nani alikuwa akikiendesha hicho? Kimya.

Huo ndio ugomvi wangu na picha zetu za treni. Moshi, daraja, mbuga, treni inapinda kona jua likizama. Ni nzuri, sikatai. Chini yake utaelezwa aina ya injini na mwaka iliotengenezwa. Dirishani kuna mkono wa mtu umeegemea. Mwenye mkono hatajwi, na akitajwa, eti ni "mfanyakazi".

Tusijidanganye kwamba ni kusahau tu. Reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria ilijengwa kati ya 1896 na 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, karibu 2,500 wakafa. Katika picha za enzi ile, mara nyingi Mzungu ana jina na cheo. Waliobeba mataruma ni "makuli". Tumerithi reli, na jicho lile pia tumelirithi.

Mtaniambia picha ni ya treni, si ya watu. Ebo! O. Winston Link alizipiga treni za mwisho za moshi za Norfolk and Western, Marekani, kuanzia 1955. Alihangaika na mataa usiku ili apate picha moja tu. Lakini aliwapiga pia mafundi na watu wa stesheni, na majina ya baadhi yao yamebaki kwenye maelezo. Picha zilipungukiwa nini? Naye Sembène Ousmane, alipoandika riwaya juu ya mgomo wa reli ya Dakar–Niger wa 1947 na 1948, hakutuandikia sifa za injini. Alituandikia watu wenye majina, wake zao, na njaa yao.

Mtasema tena: jina linaweza kumponza mtu kazini. Kweli kabisa, ndiyo maana lazima aulizwe. Akikataa, andika kazi yake, dereva au gadi au fundi, na useme ameomba asitajwe. Aliyeulizwa akakataa amejiamulia mwenyewe. Asiyeulizwa tumemwamulia sisi.

Basi wewe mwenye kamera, kabla treni haijaondoka, sogea kule mbele. Msalimie. Muulize anaitwa nani, na jina lake linaandikwaje.