Kisanduku kilichoachwa na wenyewe

Kuna wasomaji wanaoniambia nitupe kile kisanduku changu cha kuhifadhia mafaili. Sitaki! Kina diski mbili, prosesa ya ARM ya biti 32 na ramu ya megabaiti 512. Mtengenezaji aliacha kukitolea masasisho zamani, nami nikatia humo Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani, kwa mkono, nikikompaili Python usiku kucha. Kikawa kinawasha taa ya langoni na pampu ya kupandisha maji tangi la juu.

Lakini niseme ukweli. Usiku mmoja hifadhidata ya programu hiyo, ambayo hurekodi kila badiliko la kila kifaa, ilijaza ile sehemu ndogo ya diski yenye mfumo wenyewe. Programu ikakwama pampu ikiwa imewashwa. Asubuhi ua mzima ni maji, na maji yenyewe tulikuwa tumeyanunua ya lori.

Mei 2025 waundaji wa Home Assistant walitangaza kuacha biti 32, wakatoa muda wa miezi sita. Basi kisanduku kimeachwa na pande zote mbili. Mimi naona kukosa masasisho kunavumilika mradi hujakifungulia mlango kwenye ruta. Humo humo mna picha za watoto, jamani. Kisichovumilika ni kukiachia pampu peke yake. Nimefunga swichi ya boya tangini: maji yakifika juu inakata umeme wa pampu, programu ipende isipende. Taa ya langoni nimekiachia. Kikikwama, mama watoto hubonyeza swichi ya ukutani na kunicheka.