Kumbukumbu ni Tamu, Lakini Moto Anakabidhiwa Nani?

KANDO YA KIWIRA
Na Ambakisye Mwalupindi

Jumamosi iliyopita, saa tatu usiku, mwanachama mmoja wa kundi letu la WhatsApp alitupia picha ya zamani. Meli ya MV Songea imefunga gati Itungi, Ziwa Nyasa, abiria wamebanana na magunia ya mchele, kuku wananing'inia miguu juu, na mama mmoja amekumbatia chungu cha Ikombe kama mtoto mchanga. Chini yake aliandika neno moja tu: "Mnakumbuka?"

Tulikumbuka mpaka saa nane za usiku. Hata mechi ya Simba na Yanga haijawahi kutukesha hivyo. Mwalimu mstaafu wa Ipinda alikumbuka siku kundi lilipoanza, mwaka 2014. Lilizaliwa msibani. Tulikuwa tumemzika mwenzetu kule Mwaya, wanaoishi mbali wakalalamika kwamba habari ziliwafikia watu wakiwa wameshatawanyika. Kijana mmoja mwenye simu ya maana akachukua daftari la rambirambi, akaanza kunakili namba, moja baada ya nyingine. Yeye ndiye admini wetu mpaka leo, ingawa siku hizi ana mvi.

Dereva wa malori wa Kasumulu alikumbuka jinsi alivyolefti mara tatu katika jioni moja kwa hasira za mpira, na mara zote akarudishwa kabla chai haijapoa. Muuguzi wetu aliyeko Uingereza alikumbuka uchaguzi wa 2015, ulipotaka kutuvunja vipande viwili, admini akawatoa wenye kelele wote, wa kijani wa CCM na wapinzani wa Ukawa, tukakaa nje siku tatu kama watoto waliovunja mtungi. Mwingine alikumbuka mjadala wa samaki mbasa ulioendelea wiki nzima: apikwe na mawese au aokwe kwanza? Haukuisha. Uliahirishwa.

Nami nilikuwa mmoja wa waliokesha. Nilicheka peke yangu gizani, bando likaisha, nikaongeza.

Ilipofika kama saa sita, binti mmoja aliyeungwa mwaka jana akaandika kwa adabu zote: "Shikamooni wazee wangu. Haya mnayoyasema ni matamu. Yako wapi, nasi tuyasome?"

Kundi likanyamaza. Mmoja akajibu: "Yako vichwani, mwanangu." Mwingine akasema simu yake ya wakati ule ilitumbukia ziwani ikiwa mfukoni. Tukacheka. Kisha mkongwe mmoja akamaliza mchezo: "Tuache wakubwa tukumbuke kwanza, nyie mtakumbuka ya kwenu." Stika za kicheko zikamiminika, na moja ilikuwa yangu. Binti hakuandika tena usiku ule.

Asubuhi stika ile ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki usipa.

Sisi Wanyakyusa tuna neno ambalo Kiswahili hulizunguka bila kulishika lote: ukwangala. Ni kukaa na wenzako, kula nao, kuzungumza, kutaniana, kusahihishana. Zamani halikuwa jambo la kupitisha muda. Lilikuwa na kijiji chake. Mvulana akifika miaka kumi na kidogo, akiwa bado mchunga ng'ombe, aliondoka kulala kwa baba yake, akaenda na wa rika lake kujenga vibanda pembeni. Chakula walikula kwa mama zao, lakini kwa kundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Walikua pamoja, wakaoa, wakalima, na vibanda vile vya watoto vikawa kijiji cha wanaume wazima wa rika moja.

Monica Wilson na mumewe Godfrey, wanaanthropolojia waliofanya kazi huku kati ya 1934 na 1938, walishangazwa sana na jambo hili. Godfrey alifariki mwaka 1944, na Monica akaja kuandika kitabu juu ya vijiji vyetu vya rika, kikatoka 1951. Akakiita Good Company, yaani ukwangala huohuo. Aliona jambo ambalo wazee wetu walilijua bila kitabu: kwamba kwa Mnyakyusa amahala, busara, haipatikani kwa kujifungia ndani. Hupatikana kwa wenzako, mnapobishana. Mtu anayekula peke yake na kukaa kimya alitiliwa shaka.

Basi kundi letu ni nini kama si kibanda pembeni mwa kijiji? Vijiji vya rika vimekwisha. Vijana walianza kuondoka zamani, wengine kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, wengine kuvuka mpaka kwenda migodi ya kusini. Waliobaki, miaka ya sabini walipangwa upya katika vijiji vya ujamaa. Lakini hamu ya ukwangala haikufa. Ilikaa kwenye vilabu vya pombe, kwenye ubao wa bao, kwenye kivuli cha mwembe, na intaneti ilipofika ikahamia huko.

Na haikuanza na WhatsApp. Wengine wetu tulipitia baraza kubwa zaidi. Mwaka 2006 Maxence Melo na Mike Mushi walianzisha Jambo Forums, ambalo tangu 2008 tunalijua kama JamiiForums. Nilikuwa naingia kwenye kafe ya intaneti Mbeya mjini, nimelipia saa moja, kumbe naondoka baada ya tatu. Kule kila mtu alikuwa "Mkuu". Ukiwa na hoja ulifungua uzi, ukaanza na "Wakuu, habari za wakati huu" na kumalizia na "naomba kuwasilisha". Ukikosa adabu ulikula ban. Watu walifahamiana kwa majina ya kubuni miaka na miaka bila kuonana sura, na mmoja akitoweka walimtafuta: "Jamani, fulani yuko wapi? Hajaonekana tangu mwezi jana."

Naukumbuka mwaka 2012, mgogoro wa mpaka wa Ziwa Nyasa ulipopamba moto. Malawi ilikuwa imetoa kibali cha kutafuta mafuta, Tanzania ikataka shughuli zisimame. Watu ambao hawajawahi kuliona ziwa hili walibishana barazani humo juu ya mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890: mpaka uko katikati ya maji au ufukweni kwetu? Sisi wa huku tulikuwa na hoja isiyohitaji wakili. Kama mpaka uko ufukweni, basi mama wa Matema akienda kuchota maji, miguu yake iko Tanzania na ndoo yake imevuka mpaka bila pasi. Humo humo nilijifunza kwa wabishi wenzangu mambo ya mikataba ambayo shuleni sikuyapata. Hayo ndiyo amahala.

Baraza lile limepitia mazito. Tarehe 13 Desemba 2016 Melo alikamatwa, na kati ya aliyoshtakiwa nayo ni kuzuia uchunguzi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, polisi walipotaka taarifa za watumiaji wake asizitoe. Juni 2018 jukwaa lilijifungia kwa muda, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipolazimisha usajili. Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikasimamisha leseni yake kwa siku 90. Kila mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya hayo. Langu leo ni dogo zaidi. Wakongwe wa kule wakikumbuka, wana pa kuelekeza kidole. Uzi una kichwa, una tarehe, kijana aliyejiunga jana anaweza kuusoma na kumwambia mkongwe, "Mkuu, hukusema hivyo." Kumbukumbu yao ina shahidi.

Yetu haina. Imo kwenye simu zilizozama, zilizoibwa stendi, zilizouzwa wakati wa shida. Ndiyo maana kila mwaka tunazidi kuwa mashujaa katika hadithi zetu wenyewe. Jumamosi ile nilisoma jinsi tulivyochanga kwa wingi mwaka ule mto Kiwira ulipofurika na kuingia kwenye nyumba za wenzetu. Ni kweli tulichanga. Ila nakumbuka pia kwamba tulichelewa wiki mbili tukibishana nani atunze fedha. Hilo hakuna aliyelitaja, nami nikaacha lipite, maana lilikuwa linanihusu.

Lakini kukosa maandishi si kosa letu kubwa. Wazee wetu nao hawakuandika. Hata yale ya akina Wilson yalitoka midomoni mwa watu wa huku, yakipitia kwa mkalimani wao, Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa mwenzetu. Wazee hawakuwa na daftari, ila walikuwa na kitu ambacho sisi tumekitupa. Walikuwa na siku ya kukabidhi.

Siku hiyo iliitwa ubusoka, kutoka nje. Ilikuja mara moja katika kizazi. Watoto wa malafyale, yaani chifu, walipokuwa watu wazima, na wenzao wa rika wameoa na kujenga, wazee waliwakabidhi nchi. Mioto ya zamani ilizimwa majumbani, moto mpya ukapekechwa kwa vijiti, kila nyumba ikaenda kuchukua hapo. Wazee hawakufukuzwa. Walisogea pembeni, wakabaki na heshima yao na kazi za ibada. Lakini usemi wa nchi ulihama, na ulihama hadharani, watu wakiona.

Tazama sasa kundi letu. Admini ni yuleyule tangu 2014. Mtunza fedha ni yuleyule. Wanaoruhusiwa kutania ni walewale, na ukimtania asiyezoea unaambiwa hujui desturi za kundi. Vijana tumewaunga kwa makumi, kwa kuwa mchango wa msiba unahitaji vichwa vingi, lakini wakifungua mdomo tunawaambia wasubiri. Wasubiri nini? Tumejenga kijiji cha rika, kisha tukakataa kutoka nje.

Najua jibu la wakongwe, maana na mimi nimewahi kulitoa: vijana wa siku hizi hawana subira ya mazungumzo, wao ni video fupi na stika. Huo ni uongo mtamu. Ni kijana aliyetufafanulia mfumo wa stakabadhi ghalani wa kakao, wakati sisi tulikuwa tunalalamika tu kwamba mnunuzi wa mlangoni hatumwoni tena. Ni vijana waliompeleka mwenzetu hospitali usiku, wakati sisi tulikuwa tunaandika "pole sana" na kubandika mikono ya kuomba. Wana makundi yao tusiyoyajua, na huko wanaongea vizuri sana. Wakija kwetu wananyamaza kwa sababu tumewanyamazisha.

Wavuvi wetu wanamjua mbasa. Mvua zikinyesha hutoka ziwani, akapanda Kiwira, Mbaka na Lufilyo, kwenda kutaga. Akimaliza hushuka. Hakai kule juu kuwasimulia vifaranga jinsi alivyoparamia maporomoko.

Simwambii mtu yeyote aache kukumbuka. Kumbukumbu ni nusu ya utamu wa kuzeeka, na mtu asiye na wa kukumbuka naye ni maskini hata akiwa na mashamba Kyela nzima. Ninachosema ni kwamba kumbukumbu bila makabidhiano ni kula mbegu. Wahenga walishasema ukubwa ni jalala, maana mkubwa hubeba uchafu wa wote. Sisi tumeupenda ukubwa, jalala tumewaachia watoto.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwa wakongwe wenzangu, wa kundi letu na wa makundi mengine kama yetu, kuanzia Busale mpaka Matema. La kwanza, admini ateue wenzake wawili walio chini ya miaka thelathini, mmoja awe msichana, na asiwapokonye baada ya ugomvi wa kwanza. La pili, daftari la michango lihamie kwao, nasi tubaki washauri. La tatu, kila mkongwe aandike au asimulie kwa sauti jambo moja analolikumbuka, pamoja na aibu yake, na kijana alihifadhi mahali ambapo simu ikizama halizami nalo.

Na hiyo picha ya MV Songea tumpe kijana wa Itungi aandike chini yake. Yeye anaijua MV Mbeya II, meli ya wakati wake. Ataona kwenye picha ile vitu ambavyo sisi, kwa mazoea, hatuvioni.

Mimi nimeanza. Jumapili baada ya ibada nilimpigia simu yule binti, nikamwomba radhi kwa stika yangu. Alicheka, akasema, "Tata, mbona nilishasahau." Hakuwa amesahau, kwa sababu papo hapo aliuliza tena swali lake. Nikamwambia kwamba lile daftari la rambirambi la 2014, lenye namba zetu za kwanza na alama za mafuta ya kandili, liko kwangu, juu ya kabati. Jumamosi hii atakuja kulichukua, tukutane gulioni Lyulilo, penye vyungu.